Gudwili ya Neno Moja

Ilianza Jumamosi, tarehe kumi na tatu mwezi wa tatu mwaka huu wa 1999, saa nane na nusu mchana, nikiwa nimechuchumaa nyuma ya kibanda cha Baba pale steji ya matatu ya Gatina, naosha brashi kwa mafuta ya taa.

Ndugu zangu, mtaniwia radhi nikisoma ushuhuda huu. Nimeandika kwanza, ili mikono yangu iwe na kazi na macho yangu yawe na mahali pa kukimbilia. Mnanijua. Mimi ndiye yule ambaye kiongozi wa vijana akimuuliza swali, anayejibu ni mama yake. Dukani nilikuwa naonyesha vitu kwa kidole. Mwenye duka aliniita Bubu, wala si kwa ubaya. Akishanipa chumvi ananiuliza, "Bubu, na kiberiti?" Nami natikisa kichwa. Shuleni, na niko kidato cha pili, nimewahi kukaa na haja mpaka kengele ikalia, kwa kuogopa kuomba ruhusa. Mnacheka. Chekeni tu, leo hata mimi nacheka.

Sitataja jina la mtu. Mama aliniambia nyumbani, "Kukhu, ushuhuda si kushtaki." Ananiita Kukhu, yaani nyanya, kwa sababu nimebeba jina la nyanya yangu. Basi nitasema Baba, Mama, kaka, na yule mama wa gauni, inatosha.

Kaka yangu alikuwa tarishi katika ofisi moja ya kompyuta mjini. Mwaka jana ofisi ikafungwa, na mwenye ofisi alikuwa anadaiwa mishahara na kila mtu. Wafanyakazi wakachukua walichoweza. Mmoja alibeba viti, mwingine akabeba birika la umeme. Zamu ya kaka ilipofika hakukuwa na kiti tena. Akapewa jina.

Nieleze hapo, kwa sababu najua kina mama wengine hapa mtaniuliza. Kwenye intaneti kila ukurasa una anwani yake. Ukiiandika kwenye kompyuta, ukurasa ule unafunguka, hata kama uko Ulaya. Na jina likishachukuliwa na mtu, mwingine halipati mpaka amuuzie. Kaka alipewa neno moja tu: harusi. Harusi, halafu nukta na zile herufi za mwisho. Likaandikishwa kwa jina lake.

Mtaa wetu ulifurahi sana. Mwenye bucha alimwita kwa sauti kutoka ng'ambo ya barabara: "Wewe, kuja! Leo nakupa neno 'maini', ukapike na mama yako!" Kinyozi akawa anamsalimia, "Niaje bwana harusi, bibi ni nani? Kompyuta?" Kaka alicheka nao. Lakini mimi ndiye nafua nguo zake, na niliona kwamba ile karatasi ya jina alikuwa anatembea nayo kwenye mfuko wa shati.

Akatengeneza ukurasa wake kwa msaada wa rafiki. Uliandikwa neno HARUSI kwa herufi kubwa, chini "tunajenga," halafu sanduku la posta la Baba, na chini kabisa kijidude cha kuhesabu. Kila mtu akifungua ukurasa, namba inaongezeka moja.

Sasa Jumamosi ile ndipo akaja mama wa gauni. Ana duka mjini la kukodisha gauni za harusi, veli na nguo za vile vitoto vya kushika maua. Mwanawe anasoma ng'ambo, ndiye aliyemwambia kwamba siku hizi watu wanatafuta vitu kwenye kompyuta. Alikuwa ameandika barua, na kaka akamwambia aje kwa kibanda, kwa sababu ofisi nyingine hatuna. Akaketi kwenye kopo la rangi tulilolifunika gazeti. Akasema, "Haya, jina mnauza ngapi?"

Kaka akafungua mdomo. Lakini Baba ndiye mwenye kibanda, akamtangulia.

Baba yangu, kama mnavyojua, ni mwandishi wa vibao. Ng'ombe wa kwenye bucha ni wake. Vile vichwa vya kinyozi ni vyake, hata kile chenye shingo ndefu. Na mwandishi wa vibao hutoza kwa herufi. Ishirini kwa herufi ya kawaida, thelathini kwa yenye kivuli. Ndivyo alivyotulea. Kwa hiyo Baba alihesabu kwa vidole, kwa heshima kabisa, akasema, "Ha-ru-si. Herufi sita. Tuseme za kivuli. Mia moja na themanini. Ile nukta, mama, nakupa bure."

Kaka akaruka kama aliyemwagiwa maji. "Nusu milioni! Haipungui!" Maana alikuwa amesoma kwenye gazeti kwamba neno moja la Kiingereza liliuzwa ng'ambo kwa pesa za kununua mtaa.

Mama wa gauni akamtazama Baba, akamtazama kaka. "Nyinyi ni kitu kimoja mnauza, ama viwili?"

"Kimoja," Baba akasema. "Huyu kijana anaota. Alifanya kazi akalipwa hewa, sasa anataka kuuzia watu hewa."

Alisema hayo mbele ya mgeni, na kinyozi anasikia.

Kaka akamgeukia Baba. Akasema, "Mzee, umeandikia watu majina yao miaka yote hii. Lako liko wapi?"

Ndugu zangu, nilikuwa pale. Nilikuwa na jambo la kusema, hata sijui lilikuwa jambo gani, labda tu "Baba, ngoja," ama "Kaka, usiseme hivyo." Neno likafika hapa kooni, likakaa. Mama wa gauni akasimama, akajipangusa sketi. "Mkishakubaliana nyinyi kwa nyinyi, mniite." Jioni ile kaka alibeba godoro na jiko, akaenda mtaa wa Gatwekera kukaa na rafiki yake. Akamwambia Mama kwamba atarudi kula katika nyumba ile siku Baba atakapokubali kwamba hakulipwa hewa.

Huko ndiko kuanguka kwetu. Hakuna aliyelewa, hakuna aliyeiba. Nyumba tu ilipungua mtu.

Mama aliendelea kupakua sahani ya kaka. Anaifunika, inakaa mezani, na hakuna anayeigusa mpaka ugali unakuwa mgumu kama sabuni. Baba naye hakuuliza habari za mwanawe hata siku moja. Aliuliza mambo mengine. "Kule Gatwekera maji yanapatikana?" Au mvua ikinyesha, "Mabati ya kule, yale ya chini karibu na mto, yanavuja?" Mama anamjibu, "Nenda ukayaangalie." Baba anarudi kwenye rangi zake.

Kwa hiyo nikawa mjumbe. Mjumbe bubu! Kila Jumamosi Mama alinifungia chakula, natembea mpaka Gatwekera. Kaka ananiona kwa mbali, "Niaje siz! Mathe amepika nini?" Tukimaliza kula ananipeleka saiba, chumba cha kukodisha kompyuta kilicho juu ya duka la dawa, analipia dakika chache, anafungua ukurasa wake. "Ona namba! Imepanda!" Halafu anafunga, anafungua tena. Imepanda. Anafunga, anafungua. "Ona siz, inapanda tu!" Nilimwona uso wake ulivyofurahi. Na kwa mara ya kwanza nilishukuru kwamba mimi ni mtu wa kunyamaza.

Mwezi wa nne shule zikafungwa, nikawa kibandani kila siku. Siku moja akaja dada mmoja wa mandazi. Amepata kibanda kule nyuma, karibu na choo cha jumba la ghorofa, anataka kibao kikubwa, herufi za kivuli, na picha ya mandazi yanayotoa moshi.

Baba akaweka brashi chini. "Dada yangu, pesa yako nitakula, mimi sina shida. Lakini huko nyuma atakusoma nani? Mbuzi?"

"Si kibao kiwe kikubwa zaidi?"

"Hata nikiandika kwa dhahabu. Tafuta kona. Mimi hii kona nililipa gudwili."

Gudwili mnaijua, nyinyi mlio na vibanda. Mtu anayehama, kabla hajakuachia mahali pake, unampa kitu kando na kodi ya mwenye ploti. Hulipii mabati, maana mabati yenyewe yameoza. Unalipia kwamba watu wamezoea kusimama pale. Na Baba akaanza kumweleza yule dada jinsi alivyojua cha kulipa. Alikaa ng'ambo na soda moja, siku baada ya siku, anahesabu watu wanaokuja pale wenyewe bila kuitwa. Halafu akapiga hesabu hao wangemwachia faida gani kwa mwaka mmoja, akalipa hiyo, basi.

Nilikuwa nimeshika kopo la rangi nyekundu. Na lile neno lililokuwa limekaa kooni tangu mwezi wa tatu likatoka lenyewe.

"Baba. Na kama lile jina ndiyo kona?"

Yule dada akageuka kutafuta ni nani amesema. Baba naye, aliyekuwa ameshaishika brashi tena, akabaki nayo hewani, tone likamwangukia kwenye kiatu.

"Kona ipi?"

"Jina la kaka. Si herufi, Baba. Mtu anayetaka mambo ya harusi, kabla hajauliza mtu yeyote, anaandika tu hilo neno, aone kama kuna kitu. Kama mtu anayeshuka steji. Anaanzia hapa kwetu kwa sababu ndipo macho yanapoanzia."

"Wanakuja wenyewe? Bila kuitwa?"

"Wenyewe."

"Na kuna mtu anawahesabu?"

"Kuna kijidude chini ya ukurasa."

Baba akapangusa kiatu, polepole, mpaka rangi ikaenea kiatu kizima. Akasema, "Mwambie huyo mtu wako wa Gatwekera amwite yule mama." Mtu wako! Lakini nilikimbia njia nzima.

Wakakutana nyumbani kwetu Jumapili baada ya ibada. Kaka alikaa mlangoni kabisa, nusu ndani nusu nje, na chai hakuigusa, kwa sababu alikuwa amesema hatakula. Mama wa gauni alikaa kwenye kochi. Baba alikuwa amenyoa ndevu. Kaka akaeleza mambo ya kona, nilivyomweleza mimi, akaeleza vizuri kunishinda. Kisha akasema, "Na waliokuja wenyewe mpaka jana ni mia nne na kumi na wawili."

Baba akapiga mluzi. Nikamwona anamtazama mwanawe, na macho yake yalikuwa yameshaanza kumrudisha nyumbani.

Mama wa gauni akaweka kikombe. "Mia nne. Na wote hao wanatafuta harusi kweli?"

 Kaka akatazama viatu vyake.

Hapo, ndugu zangu, nawaambia, ndipo nilipofahamu kunyamaza ni kitu gani. Miaka yote nilidhani kunyamaza hakumgusi mtu. Nikinyamaza sasa, jina litauzwa bei kubwa na kaka atakula leo leo. Nikisema, nitamwaibisha mbele ya Baba, na safari hii ataenda mbali kuliko Gatwekera. Lakini huyo mama angenunua kona iliyojaa watu, akifungua asubuhi anakuta ni mtu mmoja tu aliyekuwa anazunguka. Na angerudi. Na Baba angesema hewa, na mara hii angekuwa amesema kweli.

Nilikuwa nimeshika birika. Lilikuwa linatetemeka mpaka kifuniko kinalia.

"Wengine ni kaka," nikasema.

"Nani?" mama wa gauni akauliza.

"Kaka yangu. Akipata pesa ya saiba anafungua, anafunga, anafungua. Kila akifungua inahesabu." Na kwa sababu niliona uso wa kaka unaanguka, nikaongeza upesi, bila kuvuta pumzi, "Si kudanganya. Analipenda tu. Anataka kuliona linaendelea vizuri."

Mama wa gauni akamtazama kaka. 

Halafu Baba akaanza kucheka. Si kicheko cha kuchekelea mtu. Alicheka mpaka akashika magoti, akamgeukia Mama. "Mama, kumbuka nilipokuwa nahesabu watu wa kona yangu! Wewe ulipita mara ngapi?"

Mama akajifunika uso kwa leso. "Nilikuwa nakuletea chai!"

"Chai! Ulipita mara nne kwa siku, umevaa ile nguo ya manjano, unajifanya mteja ili nilipe haraka tusirudi mashambani! Niliwatoa wote wa manjano kwenye hesabu." Akamgeukia kaka. Ndiyo mara ya kwanza kumwambia neno tangu Machi. "Kijana. Mwenye kibanda hahesabiwi. Hiyo ndiyo sheria. Utaweza kukaa wiki mbili bila kugusa?"

Kaka akasema kwa sauti ndogo, "Nitajaribu, Baba."

"Nami pia sitagusa," akasema mama wa gauni, "maana hata mimi nimefungua kama mara sita, na mwanangu huko aliko sijui." Wakacheka wote. Mimi nilikaa chini sakafuni na birika langu.

Wiki mbili zile kaka aliteseka. Akipita chini ya ile saiba anavuka barabara, kama mlevi anayekwepa baa. Aliniambia, "Siz, nikilala naona namba." Zilipokwisha tukaenda sote watano, hata Mama na mkoba wake wa kanisani. Baba hakuwa amewahi kukaa mbele ya kompyuta. Ukurasa ulipofunguka, HARUSI, akaukodolea macho kwa muda. "R hii nani aliandika? Imelegea mguu."

"Ni mashine, Baba."

"Mashine haijafunzwa."

Halafu tukashuka chini kwenye namba. Mia nne arobaini na mbili, na moja ni ya kufungua kwetu sasa hivi. Watu ishirini na tisa wamekuja wenyewe, na hakuna wetu hata mmoja.

Mama wa gauni alipiga hesabu kwa vidole palepale, na alisema wazi wazi. Wanaoingia dukani kwake wengi hushika kitambaa tu wakaondoka. Hawa wa kompyuta wengi wako mbali, labda wanakuja kuoa Desemba, labda hawaji. Katika hao atapata mmoja kwa mwezi, asijidanganye. Mmoja, gauni na veli na watoto wa maua, akitoa gharama anabaki na elfu tatu. Baba akasema, "Gudwili ni faida ya mwaka mmoja. Ndivyo nilivyolipa mimi." Elfu thelathini na sita.

Nikamtazama kaka. Mtu aliyetaka nusu milioni! Niliogopa. Alikaa akitazama lile neno kwenye kioo. Akasema, "Ni zaidi ya mishahara niliyokuwa nadai." Akampa mama wa gauni mkono.

"Na nukta?" mama wa gauni akamuuliza Baba.

"Nukta mimi nilishatoa. Sirudi nyuma."

Tulipofika chini mlangoni, Baba akamshika kaka begani, mkono wake wenye rangi za kila namna kwenye kucha. Sikusikia akiomba msamaha, na sidhani aliomba. Nilisikia, "Haikuwa hewa." Kisha, "Twende ule, mama yako amechoka kufunika sahani."

Basi nashukuru. Nawashukuru kina mama wa kundi hili, mlioniita nikae nanyi wakati kwetu kulikuwa kimya, mkanipa kumenya viazi bila kunilazimisha kuongea. Namshukuru yule mama wa gauni, ambaye angeweza kulipa mia na themanini siku ile ya kwanza akaondoka na jina, na hakufanya. Namshukuru Mama kwa sahani. Na namshukuru Mungu, aliyenipa baba anayehesabu vizuri na kaka anayependa kitu mpaka anakifungua mara ishirini.

Funzo langu ni dogo, mtaliongezea wenyewe. Ukitaka kujua kitu kina thamani gani, kwanza jitoe wewe kwenye hesabu, pamoja na upendo wako na hasira yako, halafu uone nani anakuja mwenyewe. Na wewe uliye kimya kama mimi, pengine umeketi hapo nyuma karibu na mlango, ukiwa ndiwe unayejua hesabu ilivyo, sema. Utatetemeka. Tetemeka, lakini useme.

Kaka alikula usiku huo, akalala kwenye mkeka. Kesho yake asubuhi nilienda naye Gatwekera. Yeye akabeba jiko na sufuria, mimi nikajitwika godoro kichwani, tukarudi kwa miguu mpaka Gatina. Godoro lilikuwa linaniziba macho, watu siwaoni, nasikia tu sauti. "Nyinyi, mnahama?" Kila aliyeuliza, kuanzia tulipovuka reli hadi mlangoni kwetu, nilimjibu mimi, kwa sauti kubwa:

"Hatuhami. Tunamrudisha nyumbani."